Dereva aliyepandwa na pepo: kwa nini Driver: San Francisco haimo dukani

SWALI: Kaka, habari za kazi. Mimi niko Tanga, nina miaka 27. Nikiwa kidato cha kwanza binamu yangu alikuja likizo kutoka Muscat na PS3 yake na diski tatu, moja Driver: San Francisco. Tuliicheza likizo nzima, akaondoka na mashine yake. Mwaka huu nimejinunulia PS5, nikaingia kwenye duka la intaneti kuitafuta, sikuiona. Zipo gemu kongwe kuliko hiyo, ila hiyo hata kwa pesa haipatikani. Je, itatolewa upya? Na niambie ukweli: ilikuwa nzuri kama ninavyoikumbuka, au ulikuwa utoto tu?

JIBU: Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo lililonichelewesha kukujibu. Sikutaka kujibu kwa kumbukumbu. Gemu ya utotoni ni kama pilau la harusini, njaa ya siku ile nayo ilikuwa kiungo. Basi nikaitoa PS3 yangu kabatini, nikaipangusa vumbi, nikakaa na Driver: San Francisco jioni nne mfululizo baada ya kufunga karakana. Kazi yangu ni kutengeneza konsoli, huu mwaka wa 16, na usiku naandika programu za gemu ndogo za simu. Kwa hiyo nacheza kwa macho mawili, la mchezaji na la fundi, na mara nyingi hayo mawili hayakubaliani. Safari hii yalikubaliana karibu kila mahali.

Utoto haukukudanganya. Kuna jambo moja kubwa ambalo gemu ile inalifanya vizuri kuliko ulivyoweza kuelewa ukiwa kidato cha kwanza, na kuna mambo madogo ambayo ni mabovu kuliko unavyokumbuka.

Kwa wasomaji ambao hawakuiona: ilitoka Septemba 2011 kwa PS3, Xbox 360 na kompyuta, na Wii, konsoli ya Nintendo, ikapewa toleo lake tofauti kabisa. Waliitengeneza Ubisoft Reflections, studio ya mji wa Newcastle, kaskazini mwa Uingereza. Unamwendesha John Tanner, mpelelezi wa polisi anayemwandama mhalifu mmoja, Charles Jericho. Mwanzoni tu Jericho anatoroka akiwa anasafirishwa, magari yanagongana, Tanner anapoteza fahamu. Kuanzia hapo karibu gemu nzima inachezwa ndani ya kichwa cha mtu aliyelala hospitalini. Mji unaouzunguka ni ndoto yake, na kwa kuwa ni ndoto, anagundua kwamba anaweza kutoka mwilini mwake, akaelea juu ya mji, akachagua gari lolote barabarani na kumwingia dereva wake.

Watengenezaji wameuita uwezo huo Shift, yaani kuhama. Kwa mtu wa Tanga sidhani kama unahitaji maelezo marefu (utani tu, usininunie). Pepo anapanda, kiti anaanza kusema na kutenda yasiyo yake, waliokaa karibu wanashika vichwa. Ndivyo ilivyo. Pepo ni wewe, kiti ni dereva wa watu aliyekuwa akienda zake kazini. Aliyekaa pembeni anaendelea na mazungumzo yake kana kwamba hakuna kilichobadilika, analalamika, anasimulia, halafu wewe unavuta breki ya mkono katikati ya njia nne, unageuza gari lielekee kule lilikotoka, na yule abiria anapiga ukelele akidhani mwenzake kapata wazimu. Tanner anamjibu kwa dharau kidogo. Mazungumzo hayo yameandikwa kwa ucheshi ambao magemu ya magari hayana kawaida ya kuwa nao. Ukiwa na miaka 14 na Kiingereza cha kidato cha kwanza, ucheshi huo ulikupita. Mimi mwenyewe safari hii nilicheka peke yangu karakanani mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Sasa jicho la fundi. Kumbuka kinachotokea ukibonyeza kitufe cha kuhama. Gari lako linabaki chini likiendelea kwenda, picha inapanda juu ya paa, unaona mtaa, halafu unaona mitaa, na uwezo wako ukishakua baadaye unaona mji mzima na ghuba yake. Unasogea upande wa pili, unashuka, unaingia gari jingine, unakanyaga mafuta. Hakuna kusubiri. Hakuna kile kipande cha «subiri inapakia» kilichotuchosha miaka yote ile. PS3 ilikuwa na megabaiti 256 za kumbukumbu ya kazi na nyingine 256 za picha. Simu ya bei ya chini unayoiona leo mikononi mwa bodaboda ina mara nane ya hizo zote zikijumlishwa. Na ndani ya ufinyu huo Reflections waliweka barabara za zaidi ya kilomita 300, wakaendesha kila kitu kwa fremu 60 kwa sekunde, yaani picha 60 kila sekunde, wakati gemu nyingi za mji wazi za enzi ile zilijitahidi kufika 30 na zikateleza hapo hapo. Hizo fremu 60 ndizo mkono wako uliozikumbuka bila kujua. Gari linaitikia pale pale ulipogusa. Yale magari mazito ya Kimarekani yanayumba kiunoni ukikata kona, mkia unatoka, unaurudisha kwa kidole, unatoka tena upande wa pili. Nilisahau kabisa misheni niliyokuwa ninafanya, nikawa nashuka na kupanda vilima vya San Francisco kwa raha tu, kama mtoto na ringi ya baiskeli.

Hiyo kuhama ingeweza kuwa mbwembwe tu. Kilichonishangaza ni jinsi walivyoichukulia kwa uzito. Chukua kufukuzana. Kwenye gemu nyingine yoyote, mhalifu akikuacha mita 300 unajua umeshindwa, unaanza upya. Hapa mhalifu anakuacha, wewe unatoka garini, unapaa, unatazama barabara anayoelekea, unatafuta lori linalokuja upande wake, unaliingia, unasogeza usukani kidogo kushoto. Basi. Kilo zako elfu kadhaa zinakutana naye uso kwa uso. Likikosa, unapaa tena, kuna teksi nyuma yake. Au unalitafuta lile tela la kubebea magari lenye ngazi iliyolala, unalisimamisha mahali pazuri, unarudi kwenye gari lako na kulipanda kama daraja la kurukia. Trafiki yote ya mji, ile ambayo kwingine ni kero ya kukwepa, imegeuka sanduku lako la zana. Sijaona gemu nyingine iliyofikiria hivyo, kabla wala baada.

Na kuna misheni moja ambayo ningeifundisha darasani kama ningekuwa na darasa. Unaingia kwa mhuni mdogo aliyetumwa kumfuatilia Tanner. Uko ndani ya gari lake, unatazama kwa kioo chake cha mbele, na mbele yako lipo gari la Tanner, ile Dodge Challenger ya njano. Lakini pedi haiendeshi gari ulilomo. Inaendesha lile la mbele. Unaendesha mwili wako mwenyewe ukiutazama kwa mgongo, kwa macho ya anayeufuata. Dakika ya kwanza unagonga kila kitu. Dakika ya tatu ubongo unakubali. Kama binamu yako alikunyang'anya pedi hapo akasema huwezi, msamehe, wengi hawakuweza.

Kuna siri moja nadhani hamkuifikia. Ukilipata gari la DeLorean na kulikimbiza hadi maili 88 kwa saa, yaani kama kilomita 140, linafunguka jaribio la pembeni: unarudishwa kwenye gereji ya chini ya ardhi. Kwa kijana wa umri wako ni gereji tu. Kwa sisi wa Driver ya kwanza, ya mwaka 1999 kwenye PlayStation ile ya kijivu, ni chumba cha mateso. Gemu ile haikukuruhusu kuanza hadithi mpaka ufaulu mtihani wa udereva mle ndani: sekunde 60, orodha ya maneno ya Kiingereza kwenye kioo, na kila ukigusa nguzo unakatwa. Kibandani kwetu tulilipia kwa muda, na watoto wengi walimaliza muda wao wote gerejini bila kuuona mji. Tatizo kubwa halikuwa mikono. Lilikuwa neno «slalom». Hakuna aliyejua maana yake. Tulijaribu kuzunguka, kurudi nyuma, kupiga honi. Kaka mmoja mkubwa aliyewahi kuona mtu akifanya alituambia ni kupita katikati ya nguzo kama nyoka, na tangu siku hiyo akawa na biashara: machungwa mawili anakupitishia mtihani, unabaki na gemu iliyofunguka kwenye memori kadi yako. Nililipa machungwa yangu. Mwaka huu nimeufaulu mwenyewe, jaribio la sita, na sikuwa na wa kumwambia.

Mabovu nayo niyataje, maana uliomba ukweli. Misheni za pembeni zinajirudia. Ukishafanya kumi na tano umezifanya zote, zilizobaki ni mtaa mwingine na gari jingine. Hadithi inakaza vizuri hadi katikati, halafu kuelekea mwisho inaanza kujieleza sana, kama mtu asiyeamini kwamba umemwelewa. Huwezi kushuka garini ukatembea kwa miguu hata mara moja, jambo ambalo mimi sina shida nalo ila najua wapo wanaoliona kifungo. Na ile rangi ya manjano iliyopakwa kila kitu kuiga filamu za miaka ya sabini inachosha macho ukikaa saa tatu. Kucheza wawili kwa kugawana kioo bado kunafurahisha. Kucheza na watu wa mbali kumekwisha, Ubisoft walizizima seva zake mwaka 2022.

Sasa, kwa nini haipo dukani. Iliondolewa kwenye maduka ya intaneti mwaka 2016, miaka mitano tu baada ya kutoka, na ukisikia mtu anasema ni kwa sababu mashine za sasa haziwezi kuiendesha, mwambie aniulize mimi. PS3 kweli ilikuwa na prosesa ya ajabu, ile Cell waliyoibuni Sony, Toshiba na IBM, na ndiyo maana PS5 yako ikipewa diski ya PS3 inaikataa kabisa. Lakini Driver: San Francisco ilitoka pia kwa kompyuta. Maana yake msimbo wake ulishawahi kukimbia kwenye prosesa za jamaa moja na iliyomo ndani ya PS5. Kuihamisha si kazi ya siku mbili, ila si muujiza. Timu ndogo yenye msimbo mkononi ingeifanya.

Kilichokwisha ni karatasi. Fikiria: gemu ina magari ya kweli zaidi ya 100. Dodge, Ford, Lamborghini, DeLorean na wengine, na kila jina, kila nembo, kila umbo la gari lina mwenyewe anayelipwa. GTA, zile gemu za uhalifu mjini za kampuni ya Rockstar, hukwepa hilo kwa kubuni magari yake, na hata Driver ya 1999 ilifanya hivyo hivyo, ikakupa magari yanayofanana na unayoyajua bila kuyataja. Driver: San Francisco ilitaka yenyewe hasa, tena ikataka na ruhusa ya kuyaponda, maana ukiligonga mlango unabonyea na kioo kinapasuka, na kampuni za magari hazipendi kuiona bidhaa yao imekunjamana. Juu ya hapo weka muziki, nyimbo kwa makumi, na kila wimbo una haki mbili: ya aliyeutunga na ya aliyeurekodi. Mikataba ya namna hii huwa na miaka. Miaka ikiisha, ama unalipa tena kwa bei mpya, ama unaitoa bidhaa rafuni.

Haya hayakuipata Driver peke yake. Gemu ya magari Forza Horizon 3 iliondolewa dukani mwaka 2020, Forza Horizon 4 ikafuata Desemba 2024, zote kwa sababu ya leseni, na hizo ni mali ya Microsoft, kampuni isiyolia njaa. GTA IV ilipofika miaka kumi, Aprili 2018, nyimbo nyingi za redio yake zikafutwa kwa sasisho hata kwa watu waliokwisha kuinunua. Upande wa matumaini kuna gemu ya Alan Wake: iliondolewa dukani Mei 2017 kwa ajili ya muziki, Oktoba 2018 ikarudi baada ya mikataba kufanywa upya. Na gemu ya Mafia ya kwanza ilirudi 2017 kwa njia ya mkato: waliirudisha bila zile nyimbo zenye wenyewe. Nimeicheza hivyo. Unaendesha mjini kimya, unajua kuna kitu hakipo, lakini unaendesha.

Kwa hiyo unaponiuliza itatolewa upya, nitakujibu kama fundi anayeangalia gharama kabla hajafungua mashine. Nyimbo za makumi na magari zaidi ya 100 ni meza nyingi za kukaa na kupatana. Gemu yenyewe haikuwa mlima wa mauzo, na jina la Driver halijatoa gemu nyingine kubwa tangu wakati huo. Mtu wa fedha akipiga hesabu hiyo anafunga kompyuta na kwenda kunywa chai. Sitarajii karibuni. Wakitaka kweli, njia ipo: watoe nyimbo, wabaki na magari machache wanayoweza kuyalipia, mengine wayabuni kama walivyobuni 1999. Challenger ya Tanner ingenibidi niidai, maana ni uso wa hadithi, lakini hata ikibadilika ningevumilia. Nyimbo ningevumilia pia, japo zile za funki ndizo zinazofanya kushuka kilima kuwa sherehe. Nisichovumilia ni kuguswa kwa mambo mawili: kuhama bila kusubiri, na fremu 60.

Nasema hivyo kwa sababu tumeona yanayotokea mtu akipewa gemu ya zamani aisafishe bila kujua uzuri wake ulikaa wapi. Novemba 2021 zilipotoka upya GTA tatu za PS2, wengi wetu tulikesha. San Andreas! Nusu ya vijana wa Afrika Mashariki wamejifunza Kiingereza cha mtaani mle. Wakaondoa ule ukungu wa mbali. Kwa mtazamo wa haraka ni maendeleo: mashine ina nguvu, ukungu wa nini? Kumbe ukungu ndio uliokuwa ukificha udogo wa kisiwa. Ulipoondoka, ukipanda ndege unaona mji mmoja umekaa mlangoni kwa mwingine, jangwa na msitu vimepakana kama vyumba vya nyumba ya kupanga. Mvua ikawa kama nyuzi nyeupe zilizoning'inizwa mbele ya macho. Rockstar wakaomba radhi. Toleo la kompyuta likaondolewa siku kadhaa, na ikabidi wazirudishe dukani zile za zamani walizokuwa wameziondoa. Miaka mitatu baadaye, Novemba 2024, sasisho likarudisha mwanga na anga la kale. Ukungu ulikuwa kazi ya mtu aliyejua anachokifanya kwa megabaiti 32 za PS2.

Kwa hiyo mimi ningeomba kidogo sana. Iongezewe ukali wa picha, maana ya konsoli ilichorwa kwa ukali wa enzi ile na kwenye televisheni ya leo inaonekana kama imepakwa mafuta. Ile manjano iwe na swichi ya kuizima. Basi, wengine waondoke mezani.

Kuna jambo moja la kuchekesha na kuudhi. Ubisoft hao hao walitoa The Crew mwaka 2014, gemu nyingine ya magari, na Reflections walishiriki kuijenga. Ile haikuwezekana kuchezwa bila seva hata ukiwa peke yako. Machi 31, 2024 seva zikazimwa, na kila diski ya The Crew duniani ikageuka kisosi cha chai. Watu walikasirika hadi ikazaliwa kampeni ya kuzuia gemu kuuawa namna hiyo, ambayo Ulaya ilivuka sahihi milioni moja Julai 2025. Driver: San Francisco dukani haipo, seva hazipo, lakini hadithi nzima imo ndani ya diski. Ukiichomeka leo kwenye PS3 isiyojua intaneti ni nini, inawaka. Kwa hiyo PS5 yako iache kwanza. Unahitaji PS3 na diski.

PS3 ya mtumba tafuta ile nyembamba ya kuanzia 2009. Zile nene za mwanzo ni nzuri kwa macho lakini zinapika. Siku moja utaona taa ya njano ikiwaka kisha nyekundu inapepesa, na hapo utanijua. Ukienda kuinunua, usiridhike na kuiona inawaka. Mwambie muuzaji aweke diski yoyote ya gemu na uikalie dakika 30. Sikiliza feni: ikianza kuvuma kama jenereta ndani ya dakika kumi, pesti ya kupoozea prosesa imekauka, punguza bei au ondoka. Sikiliza lenzi: ikitoa mlio wa kukwaruza na kurudia rudia kuisoma diski, ina safari fupi. Tumia kebo ya HDMI.

Diski nayo ina sheria zake, na hapa nimeona wengi wakilia. Diski nyingi za PS2 zilikuwa DVD, data imekaa kati ya unene wa plastiki, ndiyo maana tuliweza kuzisugua kwa dawa ya meno na zikafufuka. Diski ya PS3 ni Blu-ray. Data iko milimita 0.1 tu chini ya uso unaosomwa, na juu yake kuna utando mgumu wa kuilinda. Mikwaruzo midogo haiisumbui. Ila ukileta dawa ya meno unautoa ule utando kwa mkono wako mwenyewe. Mwaka juzi niliagiza diski ya gemu hii kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, ikafika inang'aa kama kioo cha saluni, ikasoma hadi nusu ya kupakia na kuganda. Nilipoiinamisha kwenye mwanga nikaona alama za mduara za kusugua, na kwa mbali kidogo harufu ya mnanaa. Kwa hiyo omba picha ya upande wa chini, na ukiikamata mkononi, inuse. Siko kwenye mzaha.

Kama una kompyuta, toleo la huko linaendeshwa hata na mashine ya kawaida ya leo, na aliyelinunua kabla ya 2016 bado analo kwenye akaunti yake. Wanaouza namba za kulifungulia bado wapo mitandaoni, kwa bei za kukufanya ukae chini, na siwezi kukuambia yupi mkweli. Mimi ningeiacha njia hiyo.

Lakini kabla hujatoa hata shilingi, mpigie binamu yako Muscat. PS3 haibagui kanda kwa karibu gemu zake zote: diski iliyonunuliwa Omani, Uingereza au Japani itasoma kwenye mashine iliyonunuliwa Tanga. Watu huuza konsoli na kusahau diski kwenye droo. Kama bado anayo, mwambie aiweke ndani ya boksi lake, si kwenye bahasha ya karatasi, na boksi alitie katikati ya nguo za mtu anayekuja. Na umuulize kama aliwahi kuipata ile DeLorean.